Taya Likiuma: Lipi Lingoje Nyumbani na Lipi Lisingoje

Mtu akisimama Butali, penye njia kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, hana haja ya kuuliza watu wa hapa wanalima nini. Matrekta yaliyobeba miwa hupita moja baada ya jingine yakielekea kiwandani, na nyuma ya trela hukosi kuona watoto wawili watatu wakivizia muwa uliolegea. Muwa ukianguka haungoji kisu. Unamenywa kwa meno, unavunjwa kwa meno, unatafunwa, na makapi yanatemwa kando ya njia. Watu wazima nao hawako mbali na watoto katika jambo hili.

Tumeanza na muwa kwa sababu habari yetu ya leo ni ya taya, na katika nchi hii ya Kabras taya lina kazi nyingi. Asubuhi muwa, mchana githeri ya mahindi makavu, jioni mahindi ya kuchoma, na siku ya sherehe chupa ya soda inafunguliwa kwa gego. Wakulima wa skimu za Lugari, Likuyani, Mautuma na Chekalini, ambao wazee wao walipewa mashamba katika ule mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962, watasema kwamba kwao ni mahindi kuliko miwa. Lakini taya ni lile lile.

Kuna taya linalouma ambalo dawa yake kubwa ni kupumzishwa, hata kama maumivu yake humnyima mtu usingizi. Tena kuna taya linalokaza pole pole, pengine bila maumivu makubwa, ambalo mwenyewe akilala nalo nyumbani siku mbili aweza kufa. Kwa kutazama mara moja, mambo haya mawili yafanana: mtu hafungui kinywa vizuri, chakula kinamshinda, anashika shavu. Kwa hiyo yafaa kila boma liwe na mtu mmoja angalau ajuaye kuyatenganisha.

KIUNGO CHENYEWE

Weka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa na kukifunga pole pole. Utasikia kitu kikitembea chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya. Kiko kimoja kila upande, na vyote viwili vimeungwa na mfupa mmoja, kama ng'ombe wawili katika nira moja. Mmoja akichechemea, mwenziwe naye hawezi kwenda sawa.

Mtazame ng'ombe akicheua. Taya lake la chini huenda kando kando, likisaga kama jiwe juu ya jiwe. Taya la mtu lina miendo miwili. Kwanza huzunguka kama bawaba ya mlango. Kisha, kinywa kikizidi kufunguka, kichwa cha mfupa huteleza mbele na kutoka katika kishimo chake. Kati ya kichwa hicho na kishimo kuna kisahani cha gegedu, na kazi yake ni kama ya kipande cha mpira kinachowekwa kati ya vyuma viwili ili visisuguane. Juu ya hayo kuna misuli ya shavuni na ya panjani. Ukikaza meno na kuweka kiganja juu ya shavu, utaisikia ikijaa. Misuli hiyo ina nguvu sana, na mara nyingi hiyo ndiyo inayouma, wala si mfupa.

(Ng'ombe mwenye donge gumu lisilosogea katika mfupa wa taya ni habari nyingine, na ni ya kupelekewa daktari wa mifugo mapema.)

DALILI ZA KIUNGO KILICHOCHOKA

Mwenye ugonjwa wa kiungo cha taya kwa kawaida husema hivi: panauma mbele ya sikio, au shavuni, au panjani, na kutafuna huzidisha maumivu. Asubuhi huamka na taya zito, na pengine kichwa kinamgonga pande zote mbili. Akipiga mwayo husikia mlio, ko! kama kidole kinachoalishwa, au mkwaruzo kama mchanga chini ya kiatu. Akijitazama katika kioo huona kwamba kidevu hakishuki wima bali hukimbilia upande mmoja. Wengine hudhani ni sikio, wakatia mafuta ya moto ndani yake, na sikio la watu halina kosa lo lote. Wengine hudhani ni jino, wakaling'oa. Jino zima likiisha kung'olewa halirudi, na maumivu yako pale pale. Kabla ya kukubali jino ling'olewe, mwombe daktari wa meno akuonyeshe ubovu wake ni upi.

Mlio peke yake, bila maumivu na bila kukwama, si ugonjwa wa kutibiwa. Watu wengi wazima wana mlio huo, na huzeeka nao bila madhara. Twasema hivi kwa sababu wako watu waliopoteza fedha nyingi kwa kutafuta dawa ya mlio.

Kipimo kizuri ni vidole vyako mwenyewe. Panga vidole vitatu, yaani cha shahada, cha kati na kinachofuata, kimoja juu ya kingine, kisha vitie wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kinywa cha mtu mzima aliye mzima hupokea vitatu, na upana wake ni kama milimita 40 hata 50. Kikipokea viwili tu, kuna kitu kinachozuia. Kikipokea kimoja, jambo ni kubwa. Pima leo ungali mzima, ujue kipimo chako. Siku ya kuugua utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Sababu zake ni nyingi. Kutafuna vitu vigumu kwa saa nyingi ni moja, iwe muwa, mahindi makavu au miraa. Kusaga meno usiku ni nyingine, na mwenyewe hajui. Ajuaye ni yule anayelala karibu naye. Mtu mwenye mawazo hukaza meno hata mchana akiwa macho: malipo ya mazao yamechelewa, karo ya shule inadaiwa, naye ameshika jembe huku meno yamebanana toka asubuhi. Yabisi ya viungo yaweza kuingia humo kama iingiavyo katika magoti. Katika wale wanaokwenda kutibiwa, wanawake ni wengi kuliko wanaume, hasa wa umri wa miaka 20 hadi 40.

Mara nyingi taya la namna hii hupona kwa kutunzwa nyumbani majuma machache. Muwa uachwe kabisa. Si kupunguza, kuacha. Chakula kiwe laini: uji, ugali kwa mrenda, viazi vitamu vilivyopondwa, ndizi za kupikwa, maharagwe yaliyoiva mpaka yakavunjika. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa kiwekwe shavuni dakika 15 au 20, mara mbili tatu kwa siku. Ukipiga mwayo, zuia kidevu kwa ngumi. Dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu, kama parasetamoli, yatosha kwa siku za kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi. Na jizoeze jambo hili ambalo halina gharama: midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane. Meno yafaa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Jaribu sasa hivi unaposoma. Huenda ukaona ulikuwa umeyabana.

Kama baada ya majuma matatu au manne hakuna nafuu, au kama mlio uliokuwapo umenyamaza ghafula na kinywa hakifunguki tena zaidi ya vidole viwili, nenda kwa daktari wa meno. Anaweza kukufundisha mazoezi ya taya, au kukutengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa juu ya meno usiku. Kupasuliwa ni kwa watu wachache sana.

TAYA LISILONGOJA

Sasa tumtazame mkata miwa. Tuseme alijikata kidogo mguuni kwa panga, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Baada ya siku kumi kidonda kimekauka, na yeye mwenyewe amekisahau. Jioni moja mazungumzo nyumbani huwa namna hii:

"Baba watoto, mbona huli? Mboga imekosa chumvi?"

"Mboga ni nzuri, mama. Ni hili taya tu, limekaza. Nafikiri ni ule muwa wa jana."

"Upande gani?"

"Pande zote. Na shingo pia ni nzito kama niliyelala vibaya."

Mama huyu akiishia hapo, akamkanda kwa maji ya moto na kumwambia alale, huenda akamzika. Maneno mawili yalitosha kumwamsha: pande zote, na shingo. Kiungo kilichochoka kwa kawaida huuma upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na hakina habari na shingo kukakamaa wala kumeza mate kwa shida. Taya linalokaza pande zote mbili, likazidi kukaza saa kwa saa, na shingo au tumbo likawa gumu kama ubao, hiyo ni pepopunda mpaka daktari aseme sivyo.

Jina la ugonjwa huu limewapoteza watu. Hakuna pepo hapa, wala mtu hakulogwa. Ni kijidudu kinachoishi katika udongo na katika mavi ya wanyama, farasi na punda na ng'ombe pia, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Shamba lililotiwa samadi ni zuri kwa mahindi, lakini haliko safi kwa kidonda. Mbegu ikiingia ndani ya nyama mahali pasipofika hewa, kama penye tundu la msumari, mwiba au panga, humea na kutoa sumu. Sumu hiyo hufuata mishipa ya fahamu na kuifanya misuli ikaze isilegee. Misuli ya taya ndiyo kwa kawaida hushikwa kwanza. Tangu kuumia mpaka dalili ya kwanza ni siku 3 hadi 21, ndiyo maana kidonda mara nyingi kimekwisha kusahauliwa, au kimepona.

Mgonjwa hazimii akili. Anajua yote yanayotendeka. Uso huvutika kama anayecheka bila furaha, jasho humtoka, na baadaye mwili mzima hukazwa kwa mishtuko ambayo hata mlango kugongwa waweza kuianzisha. Asipopata msaada, misuli ya kuvuta pumzi nayo hukaza.

Huyu ni wa hospitali usiku ule ule, si kesho. Katika kumsafirisha, asipigiwe kelele wala asizungukwe na watu. Asilazimishwe kunywa uji wala dawa, maana vitaingia mapafuni. Kijiko kisitiwe kwa nguvu kati ya meno. Hospitalini watamtia dawa ya kupinga sumu, watasafisha kile kidonda, watampa dawa za kulegeza misuli na kumlaza mahali patulivu, na kama ni lazima watamsaidia kupumua. Kazi hiyo huchukua majuma. Aliyefika mapema ana tumaini kuliko aliyefika baada ya kuzungushwa kwa waganga watatu.

Yako mambo mawili ambayo wakulima hutenda kwa nia njema, nayo huleta pepopunda nyumbani. La kwanza ni kupaka kidonda udongo, majivu au mavi ya ng'ombe ili damu ikome. Kidonda kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, uchafu wote utolewe, kisha mtu aende zahanati siku hiyo hiyo kuulizia sindano ya kuzuia pepopunda. La pili ni kuchanja shavu kwa wembe ili "kutoa damu mbaya" taya linapouma. Mtu alikuwa na taya lililochoka tu. Sasa ana taya lililochoka na vidonda sita.

Kuhusu sindano, watoto wetu wamekwisha kutangulia. Mtoto hudungwa akiwa na majuma 6, 10 na 14, na mama mjamzito hudungwa kliniki. Kwa kazi hiyo, kufikia mwaka 2019 Kenya ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya la nchi. Aliyebaki nyuma ni baba. Mwanamume mzima hana kliniki ya kumwita, na nguvu ya sindano za utotoni hupungua kwa miaka. Yule ashikaye panga kila siku ndiye mara nyingi asiyekumbuka alidungwa lini. Tena, kuugua pepopunda na kupona hakumkingi mtu. Hata yeye hudungwa.

MATAYA MENGINE YASIYOFAA KUNGOJA

Mtu aliyepiga mwayo mkubwa, kinywa kikabaki wazi, kidevu kimetokea mbele, mate yanatiririka na maneno hayatoki, taya lake limeteguka. Watu wa nyumbani wasijaribu kulirudisha kwa kusukuma au kupiga kofi. Daktari hulishika kwa madole gumba yaliyofungwa kitambaa, juu ya magego ya chini, akalikandamiza chini na kulirudisha nyuma. Kwa ajuaye si kazi ndefu, bali kwa asiyejua ni rahisi kuvunja mfupa, au kuumwa vidole taya linaporudi.

Aliyeanguka kwa kidevu kutoka kwenye bodaboda, akaona meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, ahesabu kwamba mfupa umevunjika. Uvunjaji mara nyingi huwa kule juu karibu na sikio, ingawa aliumia kidevuni. Mwenye uvimbe wa moto shavuni au chini ya taya, pamoja na homa na jino bovu, ana usaha. Uvimbe ukishuka shingoni au pumzi ikawa nzito, hakuna kungoja asubuhi. Na mtu wa makamo ambaye taya humuuma anapolima au kupanda kilima, na akikaa huacha, hasa kifua kikimbana, aende akapimwe moyo. Moyo huweza kupeleka maumivu yake mpaka tayani.

Yabaki taya la mtoto, na hapa nchi zetu zina historia yake. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliona watoto wakiletwa na mataya yaliyovimba mno, meno yamelegea, pengine jicho limesukumwa nje. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri maelfu ya maili kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo uko. Walipata kwamba uko katika nchi zenye joto na mvua, ambako malaria ni nyingi, na kwamba juu ya milima yenye baridi hauko. Magharibi ya Kenya imo katika nchi hizo. Ni namna ya saratani, nayo hukua upesi kuliko saratani nyingine. Uvimbe uliokuwa kama punje ya harage waweza kuwa kama yai kwa siku chache. Lakini pia husikia dawa sana, na watoto wengi waliowahiwa wamepona bila kupasuliwa taya.

Basi mtoto wa miaka minne hadi kumi, au hata chini ya hapo, mwenye taya linalovimba bila jino bovu, au magego yanayolegea kabla ya wakati wake, asipelekwe kung'olewa jino. Apelekwe hospitali, na mzazi aseme wazi: "Daktari, uvimbe huu haukuwapo juma lililopita." Kutoka Butali hospitali ya Malava iko karibu, na ile kubwa ya Kakamega iko mbele kidogo. Watu wa Likuyani na Lugari wako karibu na Eldoret, ambako Hospitali ya Rufaa ya Moi hutibu saratani za watoto.

Kwa hao wote wanaokwenda hospitali kwa ajili ya taya, daktari atauliza mambo yale yale, na afadhali yawe tayari kichwani tangu nyumbani. Lilianza siku gani, na je, linazidi? Upande mmoja au zote? Kinywa hupokea vidole vingapi? Kumeza ni kuzuri? Kuna kidonda cho chote katika majuma matatu yaliyopita, hata cha mwiba, hata kilichopona? Mkata miwa avue viatu amwonyeshe nyayo zake. Na kama ana kadi au karatasi ya sindano ya pepopunda, aichukue. Isipopatikana asione haya kusema hajui. Muuguzi atamhesabu kama asiyepata kudungwa, na kumwanzishia upya: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya majuma manne, na ya tatu baada ya miezi sita au zaidi.